Siku Nne za Sikukuu Nchini Italia: Kwa Nini Ninawashauri Miji Miwili Badala ya Mitano

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma shahada ya uzamili hapa Bologna. Mwaka huu sikukuu ya Juni 2 inaangukia Jumanne, na kwa kuwa Jumatatu hatuna vipindi, nina siku nne mfululizo, kuanzia Jumamosi. Rafiki zangu watatu, wawili wanaosoma Ujerumani na mmoja Uholanzi, watafika Ijumaa usiku. Tumepanga kuona Milano, Venezia, Firenze, Pisa na Roma, na wenzangu wanapendekeza tukodi gari. Fedha zetu ni za wanafunzi. Je, inawezekana, na tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla hamjalipia chochote, kwa sababu sehemu kubwa ya ushauri wangu inahusu mambo ambayo yakishalipiwa hayarekebishiki. Nimeongoza makundi ya wanafunzi wa historia ya sanaa katika miji hiyo kwa miaka mingi, na orodha yako naifahamu vizuri, maana karibu kila kundi hunijia na orodha ya namna hiyo hiyo.

Hebu tuhesabu pamoja. Kutoka Bologna hadi Milano kwa treni ya kasi ni kama saa moja. Milano hadi Venezia ni muda wa saa mbili na nusu, Venezia hadi Firenze ni saa mbili na robo, Firenze hadi Pisa kwa treni ya kawaida ni saa moja, Pisa hadi Roma ni karibu saa tatu, na kurudi Bologna kutoka Roma ni zaidi ya saa mbili. Ukijumlisha, mtakaa ndani ya treni kwa takriban saa kumi na mbili, yaani mchana mzima mmoja kati ya minne mliyo nayo, na hapo hamjahesabu kutembea hadi stesheni, kungoja, kutafuta pa kuweka mabegi na kulala kitanda kigeni kila usiku. Mtafika katika miji yote mitano, na katika kila mmoja mtapata muda wa kupiga picha mbele ya jengo moja maarufu, lakini kuingia ndani ya jengo hilo hamtaweza, kwa kuwa katika sikukuu kama hii foleni ya mlangoni peke yake inaweza kumaliza muda mliotengea mji mzima.

Ushauri wangu ni kwamba muende Firenze na Venezia tu, na chumba chako cha Bologna kiwe nyumbani pa kurudia. Sababu ya kwanza iko kwenye ramani: reli ya kutoka Firenze kwenda Venezia inapita Bologna. Firenze iko umbali wa dakika 40 hivi kwa treni ya kasi upande wa kusini, na Venezia ni mwendo wa saa moja na nusu upande wa kaskazini mashariki, hivyo mtakuwa mnasafiri muda mfupi na kupumzika katikati bila kulipia malazi ya usiku wa pili. Roma inahitaji siku tatu za peke yake, na ninakusihi usiipe nusu siku. Milano iko karibu nawe kiasi kwamba unaweza kwenda Jumamosi yoyote ya kawaida. Isitoshe, mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci, ambao ndio ungewapeleka huko, unaonwa na makundi madogo kwa dakika 15 tu kila kundi, na nafasi za siku za sikukuu hujaa mapema sana. Pisa ni nzuri na mnara wake, ulioanza kujengwa mwaka 1173 juu ya udongo laini, unastahili kutazamwa kwa utulivu, lakini ukiuingiza katika mpango huu utakula nusu siku ya Firenze, na hilo mimi siwezi kulishauri.

Sababu ya pili ni milango. Hili ndilo jambo ambalo wageni wengi hawalijui, na miaka mingi iliyopita lilinigusa mimi mwenyewe, nilipowaleta wanafunzi ishirini kutoka mbali hadi mlango wa makumbusho Firenze siku ya Jumatatu na kukuta umefungwa. Sikusahau nyuso zao, na tangu hapo sipangi safari ya Italia kwa kufuata ramani kabla sijapanga kwa kufuata siku za juma. Majumba mawili makubwa ya Firenze, yaani Uffizi na Galleria dell'Accademia, hufungwa Jumatatu. Kanisa kuu la Firenze halipokei watalii Jumapili kwa sababu ya ibada. Tarehe 2 Juni, ambayo ni Siku ya Jamhuri, majumba ya makumbusho ya serikali hayatozi kiingilio, jambo linalosikika kama neema, lakini kwa jumba kama Uffizi lina maana kwamba umati ni mkubwa kupita siku nyingine zote. Ikulu ya kale ya Venezia, Palazzo Ducale, haiendeshwi na serikali kuu bali iko chini ya makumbusho ya jiji, hivyo Jumatatu iko wazi na Juni 2 inatoza kama kawaida. Ukiyaweka haya yote pamoja, mpango unajipanga wenyewe: Firenze Jumamosi na Jumapili, Venezia Jumatatu na Jumanne.

Jumamosi pandeni treni ya mapema. Mtashuka katika stesheni ya Santa Maria Novella, na kabla hamjakimbilia katikati ya mji, ingieni kwanza kwenye kanisa lenye jina hilo hilo lililo ng'ambo ya uwanja. Nyuma ya altare kuu kuna kikanisa cha familia ya Tornabuoni, kilichopambwa na Domenico Ghirlandaio na wasaidizi wake kati ya mwaka 1485 na 1490. Ukutani kushoto, katika tukio la Mamajusi kumsujudia mtoto Yesu, tafuteni twiga. Hakubuniwa kichwani mwa mchoraji: mwezi Novemba 1487 sultani wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, mkuu wa Firenze, zawadi ya twiga aliye hai, na mji mzima ukatoka kumtazama. Mnyama yule hakuishi muda mrefu. Mimi kila mara nikifika pale husimama kidogo, kwa kuwa mtu aliyekulia katika nchi ambayo twiga ni alama ya taifa anamtazama kwa jicho ambalo mtalii mwingine hana.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kanisa kuu, Santa Maria del Fiore. Kuingia kanisani ni bure, ila kupanda kuba kunahitaji tiketi yenye saa maalumu ambayo lazima muinunue wiki kadhaa kabla, na ndiyo tiketi ya kwanza ninayotaka muitafute. Ukubwa wake mtauona mkiwa bado mitaani. Kinachostahili kueleweka ni tatizo lililotatuliwa pale. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1296, na baada ya zaidi ya miaka mia moja lilikuwa na tundu kubwa paani, lenye upana wa mita 45 hivi, ambalo hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kulifunika, maana jukwaa la mbao la kushikilia matao ya ukubwa huo wakati yakikauka lingehitaji msitu mzima. Mwaka 1418 wakatangaza shindano. Filippo Brunelleschi, aliyesomea ufuaji wa dhahabu, akasema atajenga bila jukwaa hilo. Alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, na matofali yake akayapanga kwa mtindo wa mifupa ya samaki, mengine yakilala na mengine yakisimama, ili kila safu ijishike yenyewe na kuishika iliyo jirani kabla chokaa haijakauka. Kazi ilianza 1420 na kukamilika 1436. Ngazi 463 mtakazopanda zinapita katikati ya kuba hizo mbili, na ukiwa njiani, ukuta ukikuegemea begani, unaweza kuyaona matofali yale kwa macho yako. Ndiyo maana ninasisitiza kupanda: hakuna kitabu kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko ngazi zenyewe. Mwenye hofu ya nafasi finyu au tatizo la moyo asipande, kwa kuwa njia ni nyembamba na katikati yake huwezi kugeuka kwa urahisi.

Alasiri nendeni kwenye Accademia kumwona Daudi wa Michelangelo. Aliichonga sanamu hiyo kati ya 1501 na 1504, akiwa na umri unaokaribiana na wenu, kutoka katika jiwe la marumaru ambalo wachongaji waliomtangulia walilianza na kuliacha kwa miongo mingi. Ina urefu wa mita 5.17. Mpaka mwaka 1873 ilisimama nje, mbele ya Palazzo Vecchio, na leo pale nje kuna nakala ambayo mtu anaitazama bila kulipa. Mkiwa na fedha za jumba moja tu, nakala iwatoshe na muende Uffizi. Lakini mkiweza kulipia yote mawili, msimwendee Daudi moja kwa moja: kwenye ukumbi unaoelekea kwake kuna sanamu za Michelangelo ambazo hazikumalizika, zinazoitwa Wafungwa, miili ya wanaume iliyotoka nusu kutoka kwenye jiwe, huku alama za patasi zikiwa bado zinaonekana. Mimi hukaa muda mrefu zaidi mbele ya hizo.

Njaa ikiwashika, tafuteni kibanda kinachouza lampredotto. Ni tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa polepole na viungo, linakatwakatwa na kuwekwa ndani ya mkate uliochovywa kwenye mchuzi. Mtu aliyezoea supu ya utumbo hatahitaji kushawishiwa, na bei yake ni ya wafanyakazi. Mmoja wenu akiwa Mwislamu, ajue kwamba hiyo ni nyama ya ng'ombe ingawa uchinjaji wake si wa halali isipokuwa muuzaji aseme hivyo. Tena ajihadhari zaidi mkiwa Bologna, kwa kuwa soseji ya huko iitwayo mortadella ni nguruwe, na hata ule mchuzi wa nyama wa tambi za tagliatelle unaosifiwa duniani kote kwa kawaida huchanganywa na nguruwe. Kahawa inyweni mkiwa mmesimama kaunta kama wenyeji, maana ukiketi mezani bei inaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Katika mikahawa mtakuta kwenye hesabu neno coperto. Ni malipo ya kuketi kwa kila mtu, ni ya halali, na huandikwa kwenye orodha ya vyakula.

Jioni vukeni Ponte Vecchio, daraja la mwaka 1345, mpande kilima hadi Piazzale Michelangelo. Watu wengi huishia pale. Ninyi endeleeni dakika chache zaidi hadi kanisa la San Miniato al Monte, lililoanza kujengwa mwaka 1018, ambako watawa bado wanaishi na kuimba sala zao. Kuingia ni bure, na mji wote unaonekana kutoka ngazi za mbele, pamoja na ile kuba mliyoipanda asubuhi. Usiku huo laleni Firenze, katika hosteli. Msirudi Bologna siku hiyo, kwa sababu Firenze ya saa tatu usiku, makundi ya siku moja yakishaondoka, ni mji mwingine kabisa.

Jumapili asubuhi ni ya Uffizi, kwa tiketi yenye saa, na mchukue saa ya kwanza kabisa mtakayoipata. Jina hilo maana yake ni ofisi, kwa kuwa ndivyo jengo lilivyokusudiwa na Cosimo wa Kwanza, mtawala wa Firenze wa ukoo wa Medici, mwaka 1560. Kwamba picha bado zipo Firenze ni kwa sababu ya mwanamke mmoja, Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici, ambaye mwaka 1737 aliweka mkataba kwamba mali ya sanaa ya familia yake ingekabidhiwa dola iliyorithi utawala, kwa sharti kwamba hakuna kitu kitakachotolewa nje ya mji. Nakuomba uwaambie wenzako jina lake mkiwa mlangoni.

Ndani, msijaribu kuona kila kitu. Jumba hilo lina vyumba vingi mno, na baada ya saa mbili jicho huacha kupokea. Kaeni kwanza katika chumba cha mwanzo ambamo picha tatu kubwa za Bikira Maria kwenye kiti cha enzi zimewekwa karibu karibu: ya Cimabue, ya Duccio, na ya Giotto. Zote tatu zinaonyesha jambo lile lile, mama, mtoto, malaika na dhahabu. Sasa tazameni magoti. Katika picha ya Giotto, iliyochorwa kama mwaka 1310, kuna mwili chini ya nguo; mama yule ana uzito, ameketi kweli, na kitambaa kinalala juu ya goti jinsi khanga inavyolala juu ya goti la mwanamke aliyeketi mkekani. Karne mbili za uchoraji wa Italia zilizofuata zinatokana na goti lile, na ukiliona, vyumba vingine vyote vinajieleza. Kisha nendeni kwa Botticelli, mtazame Majira ya Kuchipua na Kuzaliwa kwa Venus, ingawa mtalazimika kungoja watu wapungue mbele yake. Kisha Leonardo, kisha picha ya duara ya Michelangelo, kisha tokeni. Alasiri iliyobaki iwe ya kutembea bila tiketi, na jioni pandeni treni kurudi Bologna, mfue nguo na kulala.

Kuhusu punguzo la bei, nakuonya mapema ili msikosane mlangoni. Katika majumba ya serikali ya Italia, tiketi ya euro 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 25 ni ya raia wa Umoja wa Ulaya. Inafuata uraia, na kitambulisho cha chuo hakibadilishi hilo. Hata hivyo, wanafunzi waliosajiliwa katika vyuo vya nchi za Umoja huo kwa masomo fulani, kama usanifu majengo, uhifadhi wa urithi wa utamaduni, akiolojia au historia ya sanaa, huingia bure wakionyesha hati ya usajili ya mwaka huo. Ikiwa mmoja wenu anasoma mojawapo, abebe hati hiyo. Palazzo Ducale ya Venezia hufuata utaratibu tofauti na kuwapunguzia wanafunzi hadi umri wa miaka 25, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya chuo pia. Pasipoti na vibali vya ukaazi, vya asili, viwe mifukoni muda wote. Polisi wana haki ya kuviomba, na baadhi ya tiketi huandikwa jina la mwenyewe.

Gari liacheni. Ndani ya Bologna na ndani ya Firenze, katika sehemu za kati za miji hiyo, kuna maeneo yanayoitwa zona a traffico limitato, ambamo magari ya wasio wakazi hayaruhusiwi, na kamera husoma namba za gari bila mtu yeyote kuwasimamisha. Mgeni hajui kwamba amekosa. Faini humfuata miezi kadhaa baadaye kupitia kampuni iliyomkodisha, pamoja na ada ya kampuni yenyewe. Venezia haina barabara za magari kabisa zaidi ya kituo cha mwisho pale linapoishia daraja la kutoka bara, na kuegesha hapo ni ghali. Treni ndiyo inayofaa. Treni za kasi bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia, hivyo nunueni sasa. Za kawaida, zinazoitwa regionale, bei yake haibadiliki na hazina namba za viti, na ile ya Bologna hadi Venezia huchukua kama saa mbili tu, tofauti ndogo sana kwa fedha mnazookoa. Mkinunua tiketi ya karatasi ya treni hizo, igongeni muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo mtatozwa faini ingawa mmelipa. Angalieni pia kama kuna mgomo uliotangazwa, neno lake ni sciopero, kwa kuwa migomo ya reli Italia hutangazwa mapema na mwenye kusoma habari hashtukizwi.

Jumatatu asubuhi, basi, ni Venezia. Hakikisheni tiketi inasema Venezia Santa Lucia. Mestre, kituo kinachotangulia, kiko bara, na wageni wengi hushuka hapo kwa makosa. Treni itaingia juu ya maji, kwenye daraja la reli la mwaka 1846, na mkitoka mlangoni mtakuta Mfereji Mkuu uko miguuni penu, bila kipande cha barabara kati yenu nao. Hapo ndipo nimewaona wanafunzi wanyamavu wakipiga kelele.

Tangu tarehe 25 Aprili 2024 Venezia hutoza ada ya kuingia kwa wageni wa siku moja, katika siku zinazotangazwa kila mwaka, hasa za mwisho wa juma na sikukuu za majira ya kuchipua na kiangazi, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi alasiri. Anayelala katika eneo la manispaa hatozwi, ila lazima ajisajili mtandaoni na kupata msimbo wake wa msamaha. Mestre imo ndani ya manispaa hiyo, na vitanda vyake ni nafuu kuliko vya visiwani, hivyo mkibanwa na fedha laleni Mestre, dakika kumi kwa treni. Mkiweza kuongeza kidogo, laleni kisiwani, kwa sababu ile niliyoitaja kuhusu Firenze, nayo kwa Venezia ina nguvu maradufu.

Aliyewahi kupita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ataielewa Venezia haraka kuliko Mzungu aliyekulia kwenye mitaa iliyonyooka. Njia inajikunja, inakubana kati ya kuta mbili, inaishia kwenye maji, inarudi. Msiogope kupotea, mji ni mdogo, na vibao vya kuelekeza uwanja wa San Marco na daraja la Rialto vimeandikwa kwenye kona. Kinachoushikilia mji huu ni mbao. Sisi wa pwani tulijua kwamba boriti ya mkoko inastahimili miaka mingi juu ya kichwa cha mtu. Waveneti walizitumbukiza nguzo zao wima ndani ya tope, moja karibu na nyingine, ambako hewa haifiki na hivyo haziozi kwa urahisi, kisha wakajenga jiwe juu yake. Chini ya kanisa la Santa Maria della Salute peke yake, lililoanzwa mwaka 1631 kama shukrani baada ya tauni, inasemekana kuna nguzo zaidi ya milioni moja.

Siku ya Jumatatu ingieni katika basilika ya Mtakatifu Marko, kwa tiketi yenye saa, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa; khanga moja ndani ya begi itawasaidia wote wanne kwa zamu. Kulingana na mapokeo, mwili wa mtakatifu uliletwa kutoka Aleksandria ya Misri mwaka 828 na wafanyabiashara wawili, na dari la ndani limefunikwa kwa maelfu ya mita za mraba za vipande vya kioo na dhahabu. Baadaye Palazzo Ducale. Katika uwanja wa San Marco msikae kwenye ngazi wala chini kula. Kuna faini, nayo hutolewa kweli.

Boti za abiria, vaporetto, ni ghali: tiketi moja ya dakika 75 ni euro 9.50. Lakini kuna ya saa 24 kwa euro 25 hivi, nayo inahesabiwa tangu mnapoigonga mara ya kwanza. Igongeni Jumatatu jioni, mpande Namba 1 kutoka stesheni hadi San Marco jua linapozama, muone majumba yote ya Mfereji Mkuu yakipita taratibu, na kesho yake muitumie hiyo hiyo kwenda visiwani. Gondola bei rasmi ya mchana ni euro 90 kwa nusu saa kwa chombo kizima. Si lazima, na pesa hizo zinalipa vitanda.

Jumanne, Juni 2, ndipo mtakapofaidi siku ya bure. Nendeni mapema Gallerie dell'Accademia ya Venezia, jumba la serikali ambalo kwa kawaida halina umati wa Uffizi. Tafuteni picha ya Vittore Carpaccio ya miaka ya 1490 inayoonyesha muujiza wa Msalaba karibu na daraja la Rialto, wakati ule likiwa bado la mbao. Mbele, kwenye gondola, kuna mpiga kasia Mwafrika, kijana aliyevaa vizuri, kofia yenye unyoya kichwani, mwili ameuinamisha kwenye kasia kwa ustadi wa mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku. Waafrika wengi waliofika Venezia wakati huo walifikishwa kama watumwa, na baadhi walioachwa huru waliendelea na kazi za majini. Jina lake hatuna. Carpaccio alimpa nafasi ya mbele kabisa, na ninawaomba mumtazame kwa muda.

Kisha vukeni hadi Murano. Mwaka 1291 Venezia iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe huko kwa hofu ya moto, na kisiwa kimeishi kwa kazi hiyo mpaka leo. Epukeni wanaowavuta wageni dukani kwa ahadi ya maonyesho ya bure, muende kwenye Museo del Vetro, mtafute shanga. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilibeba shanga kama fedha, kila eneo likipokea rangi yake na kukataa nyingine, na zile nyekundu zilizoitwa samesame zilikuwa miongoni mwa zilizotafutwa zaidi. Nyingi kati ya shanga hizo zilitengenezwa Venezia na visiwa vyake. Mpagazi aliyenunua mtama wa siku ile huko Tabora kwa mshipi wa shanga alishika mkononi kioo kilichotoka katika mji mtakaokuwa mmesimama. Nilipoona mishipi ile kabatini kwa mara ya kwanza nilikumbuka kiunoni mwa bibi yangu, na sikuondoka haraka.

Rudini Santa Lucia jioni, kabla ya treni za mwisho kujaa watu wanaorejea kutoka sikukuu. Sasa, usiku huu huu ukiweza, nunua kwanza nafasi nne za kupanda kuba Jumamosi, kisha Uffizi ya Jumapili asubuhi, kisha kitanda cha Venezia cha Jumatatu na treni ya kurudi Jumanne, kwa mpangilio huo. Mkikosa kuba, chukueni mnara wa kengele wa Giotto ulio kando yake. Una ngazi 414, na kutoka juu yake mtaiona kuba yenyewe, jambo ambalo aliyesimama juu ya kuba hawezi kulipata.